Mteja wa Kwanza Kwenye Duka la Maua

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa mteja wa kwanza kwenye duka moja la Bredäng, huku Sweden, na kwa miaka yote hiyo kuna jambo nilikuwa namficha mwenye duka. Leo nalisema, kwa sababu yeye mwenyewe nimeshamwambia, na jibu lake ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mimi majina hayanipotei. Shule niliacha darasa la tatu, hesabu zilinikimbia, lakini jina likishaingia kichwani kwangu halitoki. Wote waliokuwa wakija pale dukani nawajua: Wanjiru muuguzi, Mama Bijoux na mdogo wake Furaha, Generose anayefanya usafi uwanja wa ndege na kukaa Märsta, mchungaji Elie, yule bibi wa Kiswidi anayeitwa Gunnel, na mbwa wake Sixten. La mwenye duka pia nalijua. Silitaji. Mtu akimwita kwa jina mbele ya wateja, alikuwa anakunja uso kama ameitwa na polisi. "Jina langu liko kwenye pasi," alikuwa akisema. "Hapa mimi ni Mwenye Duka." Basi nami nitamwita hivyo hivyo.

Alikotoka pia msiniulize. Wakongo walisema ni mtu wa Uvira, kwa sababu alijua kugomba kwa Kifaransa. Sisi Warundi tulisema ni wa Buyenzi, ukisikia Kiswahili chake tu unajua. Watanzania walikuwa tayari kuapa kwamba ni wa Kigoma. Kila aliyeingia alijibiwa kwa lafudhi ya kwao. Siku moja Furaha akambana kwenye meza yake ya kuuzia.

"Mzee, leo utasema. Kwenu ni wapi?"

Akaelekeza kidole sakafuni. "Hapa. Kati ya mchele na ndizi."

Duka lenyewe lilikuwa pale uwanjani, ukitoka kwenye kituo cha treni. Kabla yake kulikuwa na mtu wa kuuza maua, na juu ya mlango kulikuwa na kibao cha kijani kimeandikwa Blommor, ndiyo maua kwa Kiswidi. Mwenye Duka alichukua chumba, akaleta unga wa muhogo, mawese, sombe ya kugandishwa, ndiyo kisamvu, ndizi za kupika, vitenge, mpaka nywele za kusukia. Kibao hakukigusa. "Wanaonijua wananijua," alisema, "na wasionijua wanapenda maua."

Ndivyo Gunnel alivyoingia mara ya kwanza, anataka tulipu. Akakuta gunia la ndagala, wale samaki wadogo wakavu wa Tanganyika, na harufu yake mnaijua. Mwingine angemwambia, mama, umepotea. Yeye akamwambia kwa Kiswidi, kwa heshima zote, zimekwisha, njoo kesho. Kesho yake ndoo ya tulipu ilikuwa imesimama pembeni ya ndagala, na haikuondoka tena. Kila Ijumaa Gunnel alikuwa anachukua shada lake, analinusa, anacheka, anasema maua ya hapa hayafanani na ya kwingine. Miaka tisa alinunua, mpaka alipofariki. Mwenye Duka alifunga duka nusu siku akaenda kumzika, na kati ya maua yote ya kanisani, nilikuwepo, ni ya kwake tu yaliyokuwa yananuka samaki.

Sasa niwaambie mimi nilifikaje pale.

Mwanangu Deo alinileta Sweden mwezi wa kumi na moja. Wenye wazazi, nisikilizeni: msimlete mzee huku mwezi wa kumi na moja. Deo anaenda kazini, mkewe Jeanine anaenda kazini, mjukuu wangu Ornella anapelekwa shule, mimi nabaki na dirisha. Na dirishani hakuna mtu. Nilikuwa nakaa kitandani mpaka saa sita mchana, na usingizi sina. Ornella akirudi namwuliza umekula nini huko, ananijibu kwa Kiswidi. Namwuliza tena, ananijibu tena kwa Kiswidi, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Asubuhi moja Jeanine akaniachia koti lake. "Mama, leo tafadhali, ukanunue unga wa muhogo. Ukitoka nje nyoosha tu, utaona kibao cha kijani." Nikaenda. Ndani hapakuwa na mteja hata mmoja. Mwenye Duka alikuwa amekaa nyuma ya meza amevaa koti lake, kofia yake, kama mtu anayesubiri gari. Akanipimia unga, akanisalimu vizuri, sikuona zaidi ya hapo.

Niliporudi siku ya tatu, akasimama.

"Mama, juzi ulipoondoka waliingia watu mpaka nikakosa pa kuweka mguu. Wewe una mkono. Kesho njoo saa tatu kamili unifungulie duka."

"Nikufungulie?"

"Ununue wa kwanza. Chochote, hata limau moja. Lakini saa tatu, usichelewe."

Aliyekaa sokoni anajua maana yake. Mteja wa kwanza ndiye anayefungua siku. Kuna mtu akinunua wa kwanza, jua halijapanda umemaliza mzigo. Na kuna mtu akinunua wa kwanza, unakaa na nzi wako mpaka jioni. Wa namna ya pili wanamwita mtu wa kisirani.

Basi, mtu wa kisirani ndiye mimi. Hilo ndilo nililomficha.

Kule kwetu Rumonge, soko la samaki, nilijulikana. Ilianza kwa Mwajuma: nilinunua kwake wa kwanza, mvua ikaja ikamwagia beseni zima kwenye mtaro. Wiki ile ile kwa Zaituni: nilimfungulia siku, mchana mumewe akaletwa na homa. Mara mbili tu, lakini soko halihitaji mara ya tatu. Tangu hapo nikitokea asubuhi wanawake wanafunika mabeseni. "Mama Deo, bado hatujapanga," na samaki wamepangwa wananiangalia. Generose, huyu huyu wa Märsta, alikuwa msichana anauza meza ya mwisho, alikuwa anageuka kabisa ananipa mgongo. Nikajifunza kusimama pembeni, nasubiri mwingine anunue kwanza, halafu ndipo nasogea. Nilisimama pembeni hivyo miaka ishirini na zaidi, mpaka vita vikatutoa wote sokoni, wenye mkono mzuri na wenye mkono mbaya.

Halafu nafika mwisho wa dunia, kwenye theluji, mtu mzima ananiambia nina mkono. Ningesema nini? Ningepaswa kusema, mzee, umekosea mtu. Nikasema, "Saa tatu nitafika."

Kesho yake niliamka saa kumi na mbili. Jeanine alinikuta jikoni nimevaa, akashika kifua, akadhani nimepokea simu ya msiba.

Ndivyo tulivyoanza. Saa tatu nasimama mlangoni, nasikia ufunguo, anafungua. "Karibu, mama." "Asante, mzee." Nanunua limau, au kiberiti, au vitunguu viwili. Anavipima hivyo vitunguu viwili kama dhahabu. Akiwa anapima alikuwa haongei, na wewe alikuwa hataki uongee. Alisema mizani inasikia. Halafu ananipa kiti pembeni ya friji, nakaa mpaka saa tano, naona watu.

Na watu walikuwa wanakuja, msidhani. Miaka ile ya mwanzo duka lilijaa. Wakongo Jumamosi kwa sombe, Wakenya wakitoka zamu, Warundi wakati wowote. Funguo za nusu ya Bredäng zilikuwa zimening'inia kwenye misumari nyuma ya meza, anayesafiri anamwachia yeye, hamwachii ndugu yake. Mtu akipata kazi anakuja kumwambia yeye kwanza. Binti akiposwa, wazee wanakaa pale pale kwenye magunia ya mchele, na Mwenye Duka anawapa chai iliyokolea tangawizi mpaka wakubaliane haraka waondoke.

Alikuwa mzee wa kanisa pia, anakaa kiti cha mbele. Na kanisani kwetu kama kuna jambo alilokuwa analikemea ni mambo ya mikosi na nyota. Alisimama siku moja akamsuta Mama Bijoux mbele ya watu kwa sababu ya uzi mwekundu aliomfunga mtoto mkononi. Jumatatu saa tatu nikamwuliza.

"Mzee, jana umemkemea mwenzio kwa ajili ya uzi. Na huu mkono wangu je?"

Hakuinua macho kwenye limau. "Mikono kaiumba Mungu, mama. Nyuzi zinatoka dukani."

Na duka alikuwa nalo yeye, na nyuzi alikuwa anauza.

Nisimpambe. Alikuwa na yake. Ukimwuliza ndizi zimekuja lini, zimekuja jana. Leo jana, kesho jana, wiki nzima zimekuja jana. Joto la duka aliliweka chini, wateja walikuwa wanafuka moshi midomoni kama wako nje. Ukionja karanga moja anakuangalia mpaka unasahau ulichokuja kununua. Mifuko ya plastiki anaikunja, anaitumia mpaka maandishi yafutike. Lakini mwanamke mwenye mimba akija kununua ndagala, alikuwa anapima, halafu anachota konzi nyingine anamwaga juu bila kutazama, kana kwamba mkono umemponyoka.

Na kuongopa alijua, ila ule uongo wake ulikuwa na kazi. Niwape mfano mmoja nilioushuhudia.

Kulikuwa na mtu na mkewe, Wakenya wa Märsta, Kamau na Atieno. Jumamosi moja wakaingia hawasemeshani, kumbe wanasubiri kuta nne.

"Umemwalika mama yako miezi mitatu," Atieno akaanza, "na mimi nasikia kanisani, kwenye matangazo!"

"Si nilikuwa nataka kukuambia."

"Ulikuwa unataka lini? Akishatua Arlanda?"

"Atieno, watu wanasikia."

"Wacha wasikie! Si ndio hao walinipongeza? Wananipa mkono, hongera, mama anakuja, na mimi nacheka tu kama mjinga!"

Mwenye Duka akaja na sinia kubwa la maharage, akaliweka juu ya kreti, akavuta viti viwili, kimoja huku kimoja huku. "Wanangu, nisaidieni kidogo. Haya yana mawe, na macho yangu yamekwisha."

Mzee akikuomba uchambue maharage, utakataaje? Wakakaa. Mwanzoni kila mtu upande wake. Halafu vidole vinakutana katikati. Ikapita kama robo saa, Kamau akainua kitu akakiangalia kwenye taa.

"Hili ni jiwe ama ni haragwe?"

"Wewe hata jiwe hulijui," Atieno akamwambia, na mdomo ulikuwa umeshaanza kumcheza. "Lete hapa."

Wakaondoka pamoja, na maharage akawauzia yale yale waliyoyachambua wenyewe. Mama mkwe alikuja, akakaa miezi mitatu, na anayemlilia arudi mpaka leo ni Atieno.

Wakati wanatoka, mimi nikamsogelea Mwenye Duka. Maharage ya huku nayajua, nimeyapika miaka. Yanakuja safi kama yameoshwa, jiwe hulioni.

"Mzee, haya mawe yametoka wapi?"

Akainama, akanionyesha kikombe cha bati chini ya meza, kimejaa vijiwe. "Pale ufukweni, kwa chini, ukifuata njia ya ziwa. Nachagua yanayofanana na haragwe."

Basi mjue ni mtu gani ninayewaeleza.

Mambo yalianza kugeuka mwaka wangu wa saba pale. Julai moja ya joto, friji kubwa ikafa Jumamosi jioni, yeye akagundua Jumatatu. Sombe yote iliyeyuka, maji ya kijani yakafika mpaka mlangoni. Nilikuwa nimesimama pale nje, saa tatu, nikayaona yanatoka chini ya mlango yananijia miguuni. Nikasema moyoni, yale ya Mwajuma hayo.

Halafu uwanja ukafungwa kwa matengenezo, wakazungusha wavu, mtu akitaka kuingia dukani azunguke nyuma kwenye mapipa. Karibu mwaka mzima. Halafu duka kubwa la kituo cha jirani likaanza kuweka unga wa muhogo na bamia, zimepangwa vizuri, na joto ndani. Vijana wakaanza kuagiza kwa simu, vitu vinaletwa mlangoni. Nilikuwa nakaa kwenye kiti changu pembeni ya friji mpya, natazama mlango, na mlango hautikisiki. Kila kibaya kilichoingia mle, mimi nilikuwa nimekitangulia kuingia.

Mtasema, si ungeacha kwenda? Nilijaribu. Mwezi wa pili mmoja nikamwambia Jeanine mgongo unauma, nikalala. Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili, saa nne na nusu, simu inalia, Jeanine ananipigia kutoka kazini.

"Mama, uko wapi? Mwenye Duka amenipigia. Anasema duka halijafunguliwa."

Nikavaa. Nilipofika uwanjani nikakuta Mama Bijoux, Furaha na Wanjiru wamesimama nje kwenye theluji na vikapu vyao. Mwenye Duka yuko ndani, nyuma ya kioo, mlango uko wazi kabisa, na hawauzii.

"Huyu hapa!" Mama Bijoux akapiga makofi. "Mama Deo, ingia ununue limau lako tupone! Huyu mzee amekuwa kichaa, voilà, anasema siku haijaanza!"

"Mimi nina zamu saa sita," Wanjiru akasema. "Nimemwambia nichukulie basi mimi ndio wa kwanza. Ananiuliza, wewe una mkono gani? Mimi! Mkono huu umezalisha watoto mia!"

Nikaingia nikanunua limau. Mwenye Duka hakunilaumu, aliniambia tu, "Pole na mgongo, mama." Ile ndiyo siku niliyopaswa kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikamtazama anavyolipima lile limau, nikalimeza neno langu.

Kwa sababu ukweli ni huu, na unaniaibisha: nilikuwa nauhitaji ule mlango kuliko woga wangu. Bila saa tatu, mimi ni bibi wa dirishani. Nikawa najiambia, mwaka mmoja zaidi, halafu nitasema. Na duka linakonda mbele ya macho yangu, na ndagala inapungua, na mimi nafika kila siku kwa wakati kulimalizia.

Duka lilifungwa miaka miwili iliyopita, mwezi wa tano. Sasa hivi wasichana wawili wanatengeneza watu kucha mle. Mwenye Duka goti lilikuwa limeshamshinda, mpwa wake Salvator akamchukua upande wa kwao Hallonbergen, akapata chumba kwenye nyumba ya wazee. Siku ya kufunga watu walileta vyakula, mchungaji Elie akaomba sala ndefu, Kamau na Atieno walikuja na mapacha wao. Mimi niliondoka mapema. Kila aliyekuwa anampa pole alikuwa kama ananinyooshea kidole.

Sikwenda kumwona. Mwaka wa kwanza nikasema baridi, mwaka wa pili nikasema miguu. Jumapili Salvator alikuwa anakuja kanisani: "Mama, mzee anakuulizia." Nasema nitakwenda. Mpaka mwaka huu, mwezi wa pili, Salvator akaniambia mzee ameanza kulala sana, hata chakula anaamshwa. Nikamwambia Ornella, ambaye sasa ananipita urefu, aniandikie treni. Akataka kunisindikiza. Nikamkatalia. Mambo mengine mtu haendi nayo mbele ya mjukuu. Nikapanda treni nyekundu mpaka katikati ya mji, nikahamia ya bluu, nahesabu vituo kwa vidole ndani ya glovu.

Nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, shati limefungwa kifungo mpaka cha juu. Amepungua. Lakini aliponiona akatafuta mikono ya kiti anataka kusimama.

"Kaa, mzee, kaa."

"Mama Deo. Hujambo? Nyumbani? Deo? Jeanine? Yule msichana?"

Tukasalimiana mpaka salamu zikaisha. Msichana wa kazi akaleta kahawa na biskuti, akatoka. Nikaona nikianza na habari za kanisa sitafika. Nikaweka kikombe chini.

"Mzee, nimekuja kuungama."

"Mchungaji Elie kahama?"

"Usinichekeshe. Mimi sina mkono. Sikuwahi kuwa nao. Kule Rumonge walikuwa wananifunikia samaki. Mimi ni mtu wa kisirani, soko zima linajua. Uliponiambia nina mkono nilijua umekosea, nikanyamaza. Friji ni mimi. Ule wavu ni mimi. Duka lako nimelifunga mimi, na nilikuwa nalifunga najua."

Nilisema hivyo hivyo, kwa pumzi moja, kisha nikatazama sakafu. Nikadhani amelala. Nikainua macho, kumbe mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Generose aliniambia," akasema.

"Generose gani?"

"Kuna Generose wangapi? Wa Märsta. Wiki ile ile ya kwanza. Alikukuta mlangoni asubuhi, ulipotoka akanirukia: Mzee, umeingiza nani! Yule ukimuuzia wa kwanza utalala njaa! Nikamwambia, chukua unga wako uende."

Nikamkazia macho. Miaka kumi na moja.

"Ulijua? Na ukaniambia njoo kila siku?"

"Nilijua."

"Sasa ilikuwa nini? Huruma? Ulimwona bibi wa watu anatetemeka na koti la mkwewe ukamhurumia?"

Akaanza kuongea polepole, anatazama nje, na lafudhi niliyoisikia ilikuwa mpya kwangu. Nafikiri ilikuwa ya kwao.

"Perpetua alikufa mwezi wa tisa." Perpetua ndiye mkewe, sikumkuta. "Wewe ulikuja wa kumi na moja. Katikati hapo, mama, sikuwa nafungua duka. Siku nyingine saa sita, siku nyingine saa tisa, siku nyingine siamki kabisa. Nalala natazama dari. Ile asubuhi ulinikuta nimefungua, nilikuwa nimekuja kuandika tangazo la kuuza vitu. Ukaingia. Nikakutazama, nikasema, huyu ukimwambia saa tatu, atafika saa tatu. Na baridi hii, huyu huwezi kumwacha nje."

Akavuta pumzi.

"Ningekuambia nini? Mama wa watu, sijui jina lako, njoo kila asubuhi uniamshe? Mwanamume mzima, mzee wa kanisa? Nikasema una mkono."

"Ungemwita mwenye mkono kweli. Wanjiru. Mama Bijoux."

"Wenye mkono mzuri asubuhi wana pa kwenda," akasema.

Nilitaka kukasirika. Nawaambia kweli, nilitafuta hasira, nikaona ipo karibu. Miaka kumi na moja nimebeba duka la mtu kichwani, na yeye alikuwa analala kwa amani kwa sababu mimi niko njiani!

"Umenisimamisha kwenye theluji miaka kumi na moja kwa ajili ya usingizi wako," nikamwambia.

"Na mwaka wa kwanza ulikuwa unachelewa dakika tano."

"Zilikuwa buti za Jeanine! Zilikuwa kubwa!"

Tukacheka mpaka msichana wa kazi akachungulia. Tukala zile biskuti, mbaya sana, ngumu. Akaniuliza nani amekufa, nani amezaa, nikamtajia wote mmoja mmoja kwa majina, akawa anafumba macho kila jina anaitikia. Kuhusu duka alisema mara moja tu: lilikuwa lifungwe ile Novemba, kwa hiyo miaka kumi na moja ilikuwa ya juu, ya nyongeza.

Nilipoinuka akaagiza aletewe kigari chake cha kutembelea. Msichana akamkataza, goti hilo. Hakumsikiliza. Akanisindikiza ukumbi wote mpaka kwenye lifti, hatua kwa hatua, mimi nimeshika mkoba, yeye ameshika kigari. Lifti ikafunguka.

"Mama, utafika nyumbani saa ngapi?"

"Saa tisa hivi. Nabadilisha treni."

"Nipigie ukifika."

Nilifika saa tisa na robo. Sikuvua hata koti, nikamwambia Ornella nitafutie namba aliyonipa Salvator, ya chumbani kwa mzee. Akabonyeza, akanipa simu. Haikulia hata mara ya pili.

"Umefika?"

"Nimefika, mzee."

"Haya," akasema, na nikasikia kitanda kinalia, anajilaza.